Kodi ya Nyumba ya Baba

Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu uliingia saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Machi 2025. Kwake Houston ilikuwa saa tatu usiku, ndiyo kwanza ametoka kazini, nasikia maji yanachemka nyuma ya sauti yake.

"Kaka, shikamoo. Samahani nakuamsha. Hivi ile kodi ya nyumba ya baba inahesabika?"

Nikamjibu nikiwa bado kitandani kwamba inahesabika vizuri tu, wapangaji wote wamelipa isipokuwa yule wa chumba cha mwisho uani, naye kaahidi tarehe mosi. Akacheka, halafu akanyamaza kidogo.

"Siyo hiyo. Nasema kodi ya huku. Huyu anayenijazia fomu ananiuliza kama nina pato lolote nje ya Marekani."

Lugha yetu hii! Aliyepanga chumba analipa kodi, mwenye duka sokoni naye analipa kodi. Mmoja anampa mwenye nyumba, mwingine anaipa serikali, na neno ni lilelile. Wenye ofisi wanasema "pango" ili kututenganishia mambo, lakini pale mtaani kwetu Isevya hujasikia mtu anabisha hodi akisema nimefuata pango langu. Zamani niliona huo ni upungufu mdogo tu wa msamiati. Sasa sina hakika.

Nyumba yenyewe niieleze. Baba alikuwa fundi seremala, na aliijenga kidogokidogo kwa miaka kumi na minne. Alipofariki mwaka 2021 aliacha karatasi: nyumba ni ya watoto wake wawili, mama akae humo maisha yake yote. Mbele kuna fremu moja ya duka, shilingi 100,000 kwa mwezi. Uani vyumba vitatu, 30,000 kila kimoja. Kwa mwaka inakuja 2,280,000. Mama hataki fungu, anasema ana shamba lake la karanga na hataki kelele. Kwa hiyo nusu ya mdogo wangu, 1,140,000, nimekuwa naiweka kwenye akaunti yake ya benki hapahapa Tabora. Hajawahi kuigusa.

Ndiyo maana swali lake lilikuwa na haki. Hela haijafika hata Dodoma, sembuse Texas. Itawahusu vipi Wamarekani?

Mimi ni mwalimu wa historia, si mhasibu. Lakini kwa mdogo wangu mimi ndiye kaka mkubwa, na kaka mkubwa haruhusiwi kusema hajui. Nikakaa siku mbili na simu yangu nikisoma maelekezo ya mamlaka yao ya kodi, ambayo, niseme ukweli, yameandikwa kwa lugha nyepesi kuliko nilivyotegemea. Jibu ni kwamba inahesabika. Marekani inamtoza raia wake, na mwenye grini kadi vilevile, kwa pato lake lote popote duniani lilikopatikana. Haijalishi kama hela imevuka bahari au imelala benki barabara ya sokoni. Nchi nyingi hukutoza kwa sababu unaishi kwao. Wao humfuata raia wao hata akihamia kwingine, kama mwenye nyumba anayekufuata na daftari hata baada ya kuhama mtaa.

Maswali yake mengine yakaja mfululizo, usiku hadi usiku. Hela anayomtumia mama kila mwezi si itapunguza kodi yake? Haipunguzi. Anayehesabiwa kuwa tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico. Mama wa Isevya, hata kama dawa zake zote za presha zinatoka Houston, kwenye fomu ile hayupo. Mdogo wangu alichukua muda kulikubali hilo, na sikumlaumu. Je, ile akaunti ya Tabora nayo inatakiwa kuripotiwa kivyake? Ingetakiwa kama akaunti zake zote za nje kwa pamoja zingewahi kuzidi dola 10,000 wakati wowote mwaka huo. Hazijakaribia. Akiomba kuongezewa muda mpaka Oktoba? Atapewa, lakini muda unaoongezwa ni wa kupeleka fomu, siyo wa kulipa. Deni linabaki la tarehe 15 Aprili.

Na yale marejesho anayoyafurahia kila mwaka, anayonunulia viatu vya watoto na kutupigia simu kwa furaha? Hapo nilisita kidogo, maana sikutaka kumharibia. Ni hela yake mwenyewe aliyokatwa zaidi mwaka mzima. Serikali inamrudishia chenji.

"Kaka, we umekuwa mkali," akasema.

Kilichomtisha zaidi ni ngazi. Alisikia kazini kwamba ukiongeza pato kidogo tu unapanda ngazi ya juu, halafu kodi inameza mshahara wote, unabaki na kidogo kuliko mwanzo. Nilicheka kwa sababu hadithi hiyo naijua. Ofisini kwetu kuna mwalimu mwenzangu aliyenuna wiki nzima baada ya kupandishwa daraja, eti anaingia kwenye asilimia 30 na mshahara utapungua. Nikatoa salari slipu yangu tukapiga hesabu kwenye ubao, kwa chaki.

Kwetu, mwezi mmoja, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni moja asilimia 25, na kinachozidi milioni ndicho kinachokatwa 30. Kinachozidi tu. Mwenye mshahara wa 990,000 kwanza anatolewa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, inabaki 940,500, na Lipa Kadri Upatavyo yake inakuwa 113,125. Anajiita mtu wa asilimia 25, kumbe katika mshahara wote anakatwa kama 11 hivi. Akipandishwa hadi 1,200,000, kodi inafika 170,000. Imeongezeka, lakini baada ya kodi na pensheni bado anaondoka na 142,625 zaidi ya mwezi uliopita. Mwenzangu aliutazama ubao muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Miaka kumi na tisa nakatwa, mbona hakuna aliyewahi kunionyesha hivi?"

Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kati yangu na mdogo wangu. Yeye hukatwa kila mwezi kama mimi, lakini mara moja kwa mwaka lazima aketi aitazame hela yake yote na kuweka sahihi kwamba hajadanganya. Mimi mwenye mshahara tu nakatwa kabla sijaiona, na sitakiwi kujaza chochote. Ni raha. Pia ni aina ya usingizi.

Hesabu yake yeye ilikuwa ndogo mpaka inachekesha. Mwaka 2024 mtu asiye na ndoa kule aliondolewa dola 14,600 kwanza, kisha dola 11,600 zilizofuata zikatozwa asilimia 10, na kutoka hapo mpaka dola 47,150 asilimia 12. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Nusu yake ya nyumba ya baba ni kama dola 440. Hata kabla ya kutoa gharama za ukarabati, kodi yake ni dola hamsini na kitu. Anayemjazia fomu anamtoza zaidi ya hapo.

Halafu akauliza swali la mwisho, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wanasema kama Tanzania tumeshalipa kodi kwa pato hilohilo, naweza kupunguziwa huku. Kaka, si umelipa? Nitumie picha ya risiti."

Sikujibu usiku ule.

Mpangaji wa fremu anafanya biashara. Kwa hiyo kila anapotupa laki moja alipaswa kuzuia asilimia 10, aipeleke serikalini, na sisi atupe hati. Nililijua hilo? Nililijua kwa namna ambayo mtu anajua mambo asiyotaka kuyajua. Miaka minne alinipa laki nzima mkononi, noti za elfu kumi zilizokunjwa, na mimi nikazipokea. Hakuna hati. Hakuna hata karatasi ya daftari. Mtoto wa baba yule!

Lazima niwaeleze kuhusu baba na risiti.

Chumbani kwake, chini ya kitanda, kuna kasha la bati lililokuwa la biskuti. Ndani yake kuna risiti za maisha yake yote, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka, na chini kabisa, kwenye bahasha ya kaki, chache za babu. Za juu zaidi ni za Kodi ya Maendeleo. Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka kodi ile: kila mtu mzima kiasi sawa, uwe na ng'ombe mia au uwe na baiskeli tu. Ilikuja miaka ya themanini serikali za mitaa ziliporudishwa, ikafutwa mwaka 2003. Haikukutafuta kwenye mshahara. Ilikutafuta njiani.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa kwenye baiskeli, mimi nyuma nimeshika msumeno uliofungwa kwa gunia, tunaenda kwa mteja. Mgambo walikuwa wameweka kamba barabarani. Wanaume kama ishirini walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, viatu wamevua. Baba akasema amelipa, risiti iko nyumbani. Wakamwambia kila mtu hapa amelipa. Basi akanituma mimi. "Kimbia, kasha chini ya kitanda, ya juu kabisa."

Nilikimbia mpaka kifua kinauma. Mama hakuwepo. Nikavuta kasha, nikachukua ya juu kabisa, nikarudi mbio. Mgambo akaisoma, akaigeuza, akamrudishia baba bila kusema neno. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Mpya alikuwa ameiweka chini ya kifuniko, imekunjwa, nami sikuona. Nilipotaka kukimbia tena akaniambia kaa. Alikaa kwenye vumbi na wenzake mpaka jua linazama, mimi pembeni na msumeno, mpaka baba mdogo alipopita akaenda kuileta ile yenyewe.

Njiani kurudi hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia leo kila mwaka utafungwa peke yake. Ndiyo ile mipira.

Kwa hiyo baada ya ujumbe wa mdogo wangu nililivuta tena kasha. Risiti za babu ni laini kama kitambaa, ukizishika vibaya zinabaki mkononi. Ni za enzi za Mwingereza, aliyetunga sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Ili kuipata hela hiyo vijana wengi wa Unyamwezi walishuka kwenye mashamba ya mkonge, wakapewa namba badala ya majina, ndio tukawaita manamba. Babu naye alikwenda, misimu miwili, Tanga. Mama anasema hakuwahi kuisimulia.

Mwingereza aliikuta kodi tayari. Mjerumani ndiye aliyeleta kodi ya nyumba, kwa amri ya mwaka 1897, miaka minne tu baada ya mtemi Isike kulipua ghala lake la baruti hapa Tabora ili asikamatwe akiwa hai. Kila siku nawafundisha watoto tarehe hizo. Lakini usiku ule, nimekaa sakafuni na kasha, nikasikia jina lenyewe kama angelisikia mzee wa wakati ule. Kodi ya nyumba. Mtu amekata miti kwenye msitu wa ukoo wake, amekandika kwa udongo wa uwanja wake, amezaa humo watoto sita. Halafu anakuja askari na daftari kumdai kodi ya nyumba. Kwa Kiswahili, anayedaiwa kodi ya nyumba ni mpangaji.

Si kwamba kabla ya hapo hapakuwa na malipo. Watu wa barabara hii walijua kulipa. Tabora ilikuwa njiapanda: misafara inatoka Bagamoyo, inavuka Ugogo, inapumzika Unyanyembe, kisha mmoja unashika njia ya Ujiji, mwingine wa kaskazini kuelekea Buganda. Kila penye maji palikuwa na hongo. Neno hili leo tunalisema kwa kunong'ona, lakini karne ya 19 lilikuwa neno la mchana kweupe. Soma safari ya Selemani bin Mwenye Chande, iliyotoka mwaka 1901 katika mkusanyo wa Velten, Safari za Wasuaheli, uone hongo inavyojadiliwa: wametaka kiasi gani, tumetoa kiasi gani, wamekataa, tumeongeza. Na katika Peponi ya Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, msafara mzima wa Aziz unasimama au kuanguka kwa zawadi na malipo hayo, mpaka Mjerumani anafika na kuamua kesi kama mwenye nchi. Niliposoma mara ya kwanza niliona Chatu ni mnyang'anyi tu. Niliporudia sikuwa na hakika hiyo. Mgeni amekuja na bunduki na bidhaa, anakunywa maji yako. Umdai nini?

Hapahapa kwetu suala hilo lilimwangusha mtemi. Fundikira alipofariki mwaka 1858, Mnywa Sere akarithi kiti cha Unyanyembe na kutangaza ushuru kwa bidhaa zote za wafanyabiashara zinazoingia nchini kwake. Waarabu wa Tabora wakakataa. Wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa, ambaye hakuwasumbua. Mnywa Sere akaishia porini, akivizia misafara ileile aliyotaka kuitoza. Huwa nawauliza wanafunzi: nani alikuwa mhalifu hapo, aliyedai au aliyekataa? Wanagawanyika kila mwaka.

Na mnajua hongo ililipwa kwa nini? Shanga, waya, kaniki, na juu ya vyote ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyokuja kwa meli kutoka viwanda vya Massachusetts mpaka Unguja. Watu wakaipa jina la nchi yake: merikani. Doti za merikani zilipita juu ya mabega ya Wanyamwezi, pengine na wa ukoo wetu, zikakatwa pande hapa, pande pale, kulipia maji. Nilimwambia mdogo wangu hilo akacheka sana. "Kwa hiyo mimi ndo narudisha kitambaa chao?"

Lakini risiti alikuwa bado anaisubiri, na kuzungumzia Mnywa Sere kulikuwa rahisi kuliko kumwambia ukweli. Nikamwambia siku ya tatu. Nilisema sikuwahi kudai hati, kwamba nilikuwa nachukua laki nzima. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Miaka yote nikikuuliza ulisema mambo yako sawa."

"Nilisema hivyo."

"Baba asingefanya hivyo, kaka."

Hakuna mgambo aliyewahi kunikalisha vumbini kama sentensi ile. Niliwaza kumjibu kwamba barabara ya mtaa wetu ni mashimo matupu. Nimesema hayo mara nyingi kijiweni, tena kwa ufasaha, na si uongo. Lakini sikuacha kulipa kwa sababu ya mashimo. Niliacha kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Yeye alijaza fomu yake kabla ya tarehe 15, akaandika pato lote bila punguzo, na miaka ya nyuma anairekebisha kwa fomu yao ya marekebisho, kila mwaka karatasi yake. Anasema ni hela ndogo, analipa apate kulala.

Mimi nilikwenda kukaa na mpangaji wa fremu kwenye benchi mbele ya duka. Mpangaji ni kijana mstaarabu, anauza vifaa vya simu. Nilipomweleza kuhusu asilimia 10 akashtuka, akidhani nampandishia.

"Kwa hiyo mwalimu, nilipe laki na kumi?"

"Hapana. Mimi unanipa tisini. Elfu kumi unaipeleka, unaniletea hati."

"Kwa hiyo kodi ni tisini."

"Kodi ni laki. Kodi ni elfu kumi ndani ya hiyo laki."

Alinitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama Ijumaa saa nane mchana. Tukaelewana hatimaye, na kuhusu miaka iliyopita tukakubaliana twende pamoja ofisini tukaulize deni lote na faini zake, kila mtu abebe sehemu yake. Tulikwenda Jumatatu. Tunalipa kwa awamu, itatuchukua mpaka mwakani.

Hati ya kwanza aliniletea Juni, ameikunja mara nne mfukoni. Nikaipiga picha, nikaituma Houston. Mdogo wangu akajibu baada ya dakika chache, siyo kuhusu hati. Aliona pembeni ya picha kona ya kasha.

"Kaka, nipigie na zile za babu. Moja moja. Polepole zisichanike."

Nikalivuta kasha karibu na dirisha, penye mwanga.